Jina la mkubwa likilipiwa ni wimbo, likiulizwa ni kesi

Ndugu msikilizaji wa Mabanga, nawe uliyetoka Masisi, Rutshuru au Nyiragongo ukapokelewa na ndugu hapa mtaani baada ya kambi kufungwa, leo nataka tuongee kuhusu nyimbo. Najua kuna mama atauliza: sisi tunatafuta unga na maji, wewe unatuletea habari ya muziki? Mama, haki ni yako kuuliza. Lakini katika mji huu mtu anaweza kufungwa, na anaweza kufa, kwa sababu ya wimbo. Kitu kinachoweza kumweka mtoto wa mtu gerezani si mchezo.

Tuanze na jina la mtaa wetu. Mabanga kwa Kilingala ni mawe, na mawe ya volkano hatuyakosi hapa. Lakini kwa wanamuziki wa Kongo neno hilo lina maana nyingine. Muimbaji akitaja jina la mtu mkubwa katikati ya wimbo, jina la mfanyabiashara, la mbunge, la jenerali, wanasema amemtupia libanga. Anayetajwa anatoa pesa, mara nyingine anatoa gari. Kuna nyimbo ambazo ukizisikiliza mpaka mwisho unahesabu majina kuliko maneno. Hakuna anayeuliza yule jenerali pesa ya kujinunulia sifa aliitoa wapi wakati askari wake hawana viatu. Hakuna anayeitwa kwa hakimu. Inaitwa biashara, na watu wanacheza.

Sasa chukua jina hilohilo la jenerali. Mtoto wa Majengo au wa Beni alitie ndani ya wimbo bila kulipwa, na badala ya sifa aweke swali: watu wetu walikuwa wanachinjwa, wewe ulikuwa wapi? Hapo utasikia maneno mapya: kudharau jeshi, kutukana kiongozi, kuchochea wananchi. Jina ni lilelile, sauti ni ileile, pengine hata studio ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba la kwanza limelipiwa na la pili limeulizwa.

Hiyo ndiyo sheria halisi ya nyimbo katika nchi yetu. Haikuandikwa popote, lakini kila muimbaji anaijua.

Haikuanza leo. Mwaka 1978, wakati wa Mobutu, Franco wa OK Jazz, muimbaji mkubwa kuliko wote, alitiwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizosemwa kuwa chafu. Serikali ilisema inalinda heshima ya familia. Sawa. Mwaka 1984 Franco huyohuyo alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni ya urais, na wimbo huo haukusumbuliwa na mtu, ulipigwa nchi nzima. Mdomo uliokuwa mchafu mwaka 1978 ulisafishwa na nini? Haukusafishwa. Uligeuzwa upande tu.

Ile tume ya taifa inayokagua nyimbo na maonyesho iliwekwa kwa amri ya mwaka 1996, Kongo ikiwa bado inaitwa Zaïre. Kwa sheria hiyo, muimbaji anapaswa kupeleka wimbo wake ukaguliwe kabla haujatoka. Jiulize: katika nyimbo zote zinazopigwa kwenye nganda, kwenye basi na kwenye harusi zetu, ni ngapi zilipelekwa Kinshasa kupimwa kwanza? Sheria hiyo ni kama rungu lililotegemezwa nyuma ya mlango. Linasahauliwa mpaka siku aje mgeni asiyetakiwa.

Mwezi wa 11 mwaka 2021 tuliona rungu likichukuliwa. Kundi la vijana wa Kinshasa linaloitwa MPR lilitoa wimbo "Nini tosali te", yaani ni kitu gani hatujafanya. Ndani yake wanauliza kwa nini marais wanabadilika na maisha ya raia yanabaki palepale. Hakuna matusi ya nguoni mle, hakuna kabila linalotukanwa. Tume ikaupiga marufuku, pamoja na wimbo wa Bob Elvis aliomwandikia marehemu Étienne Tshisekedi kama barua, kumweleza hali ya nchi chini ya mtoto wake. Watu wakapiga kelele nchi nzima na nje. Hazikupita siku mbili, marufuku ya "Nini tosali te" ikaondolewa. Kama wimbo ulikuwa hatari kwa taifa siku ya kwanza, hatari hiyo ilikwenda wapi siku ya pili? Na kama haukuwa hatari, kwa nini ulifungwa?

Wakati huohuo, nyimbo zinazomfanya msichana kuwa nyama ya kununuliwa kwa dola na simu zilikuwa zinapigwa mchana kweupe, saa ambayo watoto wanatoka shule. Hizo hazikusumbua mtu.

Hao walikuwa vijana wa Kinshasa, karibu na kamera na karibu na balozi. Huku kwetu mambo ni mengine.

Mwaka huohuo wa 2021 mahakama ya kijeshi ya Beni ilimhukumu Delcat Idengo kifungo cha miaka 10. Wengi wenu mnamjua bila mimi kumweleza. Aliimba kwa Kiswahili chetu hiki, kile cha sokoni Virunga, kuhusu mauaji ya Beni yaliyoanza mwaka 2014, kuhusu askari wasiofika kwa wakati, kuhusu wakubwa wanaoahidi. Alikuwa na maneno makali. Mengine mimi siyakubali mpaka leo. Lakini miaka 10, kwa raia mwenye gitaa, mbele ya mahakama ya askari! Kuna walioua na hawajapata hata siku 10.

Baadaye alitoka, akafungwa tena. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma na wafungwa wa Munzenze wakatoka, naye alitoka. Mji ulikuwa na wakubwa wapya. Idengo hakubadilisha kazi: akawaimba na hao. Tarehe 13 mwezi wa pili 2025 alipigwa risasi humu mjini akiwa anarekodi video, akafa.

Sasa sikiliza vizuri. Serikali ya Kinshasa, ileile iliyomtia gerezani, ikalaani mauaji yake. Siku aliposema kwamba raia wa Beni hawalindwi, alikuwa mchochezi. Siku alipokufa akiwa amewaimba adui wa serikali, akawa shujaa. Ni mtu yuleyule, na ni nyimbo zilezile kwenye simu zetu. Na upande wa pili mambo yalikuwa hivyohivyo: nyimbo zake za kuikosoa Kinshasa hazikuwaudhi wakubwa wapya, mpaka siku walipojikuta wao ndani ya mstari. Kila anayeshika Goma anapenda wimbo unaomchapa mwenzake. Tumeshapita chini ya mikono mingi, na mkono ambao haukuchukia swali bado hatujauona.

Lingine, ili msiseme nachagua upande. Mwezi wa 7 mwaka 2024 Koffi Olomidé, muimbaji tajiri, rafiki wa wakubwa, alisema kwenye televisheni ya taifa RTNC maneno kuhusu vita vya huku kwetu yaliyochoma jeshi. Aliitwa na CSAC, baraza linaloangalia vyombo vya habari, ajieleze. Akaenda na mavazi yake mazuri, akajieleza, akarudi nyumbani. Vizuri! Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtu akisema neno lisilopendeza, aitwe, aulizwe, ajibu. Simtakii Koffi gereza. Nauliza tu kwa nini wa Kinshasa anaitwa kujieleza na wa Beni anapelekwa kwa mahakama ya kijeshi.

Najua nitajibiwaje. Wa kwanza atasema: tuko kwenye vita, kulikosoa jeshi ni kumsaidia adui. Papa, mauaji ya Beni yaliendelea miaka mingi huku waimbaji wakifungwa. Adui alizuiliwa na ukimya huo? Anayesema mlango wa nyumba umeoza si yeye aliyeuozesha.

Wa pili atasema: mila yetu haturuhusu mtoto kumtukana mzee. Kweli. Lakini mila yetu ileile ina nyimbo za harusi na za matanga ambazo mama mkwe anasemwa, chifu anasemwa, mume mvivu anasemwa, na watu wanacheka huku ujumbe unafika. Wazee wetu walijua kwamba neno zito linapita rahisi likiwa na ngoma. Na hao wanaotetea mila, mbona hawasikiki wimbo unapomtukana mwanamke? Kijana akiimba uchafu, tunasema ni ambiansi. Msichana akiimba nusu ya maneno hayo, anaitwa malaya mpaka kwa mama yake. Katika mji ambao wanawake wamebakwa wakienda kutafuta kuni kando ya kambi, wimbo unaosema mwanamke akikataa anamaanisha ndiyo una hatari kuliko wimbo unaouliza jenerali alilala wapi.

Kuna na upendeleo wa lugha. Wimbo wa uchafu ukiwa kwa Kiingereza cha Nigeria, redio zinaupiga saa ya chakula kwa sababu baba hasikii maneno. Ukiwa kwa Kilingala, tunasema ndivyo Kinshasa walivyo. Ukiwa kwa Kiswahili, hapo ndipo adabu inakumbukwa. Basi tunachokataa ni uchafu, au ni kuelewa?

Nyinyi mliokaa kambini mnajua na upendeleo wa misaada. Muimbaji akiimba tunawe mikono ili kolera isiingie, anapata fulana, kofia na pesa kidogo, na gari linamzungusha na spika. Akiimba mikono tutanawa na maji gani wakati bomba limekauka wiki nzima, anaambiwa hiyo ni siasa. Na kolera haijali siasa, inaua palepale penye bomba kavu.

Wengine hutazama Tanzania wakidhani kwa majirani wa Kiswahili kuna nafuu. Mwezi wa 3 mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Rais Magufuli akaamuru aachiliwe, akasema wimbo umempendeza. Watu wakashangilia. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa 4, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana studioni Dar es Salaam, wakaonekana baada ya siku kadhaa. Uhuru unaotegemea kama mkubwa ameamka vizuri leo si uhuru. Ni zawadi, na zawadi hunyang'anywa.

Je, nasema kila wimbo uachiwe? Hapana. Sisi wa Goma hatuwezi kusema hivyo. Ng'ambo ya mpaka, muimbaji Simon Bikindi alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2008, miaka 15. Mahakama haikumfunga kwa nyimbo zake zilizopigwa sana na redio RTLM. Ilimfunga kwa sababu mwaka 1994, huko Gisenyi, alishika kipaza sauti kwenye gari akawaambia watu waue Watutsi. Majaji walitenganisha wimbo unaochukiza na mwito wa kuua. Kama wao, mbele ya jambo zito namna ile, waliweza kutenganisha, sisi tunashindwa nini?

Basi tuweke kipimo kimoja, kwa wote. Wimbo unaita watu waue au wafukuze kabila fulani, kwa jina au kwa mafumbo ambayo sote tunayaelewa? Usimame, hata kama aliyeuimba ni wa upande wetu, hata kama unatupa nguvu. Nyimbo za namna hiyo zinapita kwenye simu zetu sasa hivi, na wanaozituma ni walewale wanaojiita wapenda nchi. Wimbo unamsingizia mtu uongo? Aende kwa hakimu wa raia, kila mmoja alete ushahidi wake. Wimbo ni wa watu wazima? Upigwe usiku, uwe wa Kiswahili, Kilingala au Kiingereza. Nje ya hayo matatu, muache mtoto aimbe. Na mkubwa aliyepokea mabanga ya sifa akatabasamu, apokee na ya maswali. Jina lake amelitoa sokoni mwenyewe.

Kwenu wenye redio: msiupige wimbo kwa sababu ya bahasha, na msiufiche kwa sababu ya simu iliyopigwa na mtu asiyetaja jina. Kwenu waimbaji: jueni kwamba anayewalipa leo muimbe jina lake ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza nani amewatuma, siku mtakapoimba la jirani yenu aliyelala njaa.

Nawe msikilizaji, wakati mwingine utakaposikia kwamba wimbo fulani umekatazwa, usiulize kwanza una maneno gani. Uliza umemtaja nani, na kama alilipa.