Sauti Zilizomo Katika CD: Amana Isiyofaa Kupunjwa



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo si dogo hata kidogo: namna ya kuzihamisha sauti zilizomo katika CD na kuzitia katika kompyuta au simu, ili zisipotee. Nyumba zetu nyingi zina kasha la CD za kisomo cha Kurani, darsa, kaswida na mawaidha. Mashine za kuzipigia zimekuwa adimu, na vijana wetu husikiliza kwa simu. Basi asiyehamisha leo, kesho atabaki na sahani zinazong'aa wala hazisemi.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa Ikoma, katika wilaya ya Serengeti, nyumba moja ilitukabidhi CD tisa za darsa za tajwidi za mwalimu aliyekwisha fariki. Zilikuwa CD za kuchomwa, si za kiwandani, wala hazikuwa na nakala popote. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeanza kuzila. Tukazitia katika kompyuta, tukabonyeza kila mahali programu ilipotuonyesha, bila kutazama imepangwa vipi. Jioni kazi ikawa imekwisha, nasi tukafurahi kuona mafaili ni madogo sana. CD zenyewe zikapelekwa shambani, zikatundikwa kwa nyuzi juu ya mtama ili mng'aro wake uwafukuze ndege.

Miezi ikapita. Watoto wa madrasa wakaanza kujifunza kwa mafaili yale. Siku moja mwalimu wao, aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, akatuambia kwa upole: "Ndugu zangu, hii ni sauti yake lakini si matamshi yake. Tha naisikia kama fa, na sini imekuwa kama upepo." Tukasikiliza, tukaona kweli. Tukakimbilia shambani, lakini jua na mvua vilikuwa vimekwisha zimaliza CD zile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nini kilitokea? CD, ambayo iliingia sokoni mwaka 1982, huihifadhi sauti kwa hesabu. Kila sekunde moja sauti hupimwa mara 44,100, kwa upande wa kulia na wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, yaani saa moja ya sauti huchukua kadiri ya megabaiti 635. Kwa kuwa huo ni mzigo mkubwa, programu hutafuta njia ya kuupunguza, na njia ziko mbili.

Njia ya kwanza ni kama kuikunja kanzu ili iingie katika sanduku. Ukiikunjua, ni kanzu ile ile, haikupungua uzi. Namna hii huitwa FLAC, nayo ilitolewa bure kwa watu wote mwaka 2001. Mara nyingi huupunguza mzigo kufikia kadiri ya nusu, wala haipotezi kitu.

Njia ya pili ni kuikata kanzu mikono ili iingie. Namna ijulikanayo zaidi ni MP3, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Ujerumani. Hiyo hutupa sehemu za sauti ambazo inadhani sikio halitazikosa. Ukiiruhusu nafasi kubwa, kilobiti 256 au 320 kwa sekunde, hutupa kidogo na wengi hawataona tofauti. Ukiiminya kufika kilobiti 64 kwa pande mbili, hutupa sauti nyingi nyembamba za juu, nazo ndizo zinazotusaidia kuitenga sini na tha, na tha na fa. Mafaili yetu yalikuwa ya 64. Kwa wimbo wa kujiburudisha, hasara hiyo huenda ikavumilika. Kwa anayejifunza makhraji ya herufi, ni kumpa mtoto kitabu kilichofutwa nukta.

Wala asidanganyike mtu kwamba MP3 iliyominywa ikigeuzwa FLAC itarudi kuwa kama zamani. Kanzu iliyokatwa mikono, hata ikikunjwa vizuri namna gani, mikono hairudi.

Sasa tuseme habari za programu. Yapasa kujua kwamba CD ikiwa na mkwaruzo au vumbi, chombo cha kuisomea huweza kukisia yale kisiyoyaona, kisha kikaendelea bila kumwambia mtu. Kwa hiyo programu njema ni ile isiyoridhika na kusoma mara moja. Kwa wenye Windows iko Exact Audio Copy, ya bure, iliyotungwa na Andre Wiethoff wa Ujerumani. Ukiipanga katika hali ya usalama, husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha, na mwishoni hukupa taarifa ya mahali palipokuwa na shaka. Kwa wenye Linux iko cdparanoia. Aonaye hizo ni nzito, iko fre:ac, ya bure pia, inayofanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Kwa CD za kiwandani, Exact Audio Copy huweza pia kutumia AccurateRip, ambayo hulinganisha nakala yako na nakala walizozitoa watu wengine katika CD kama hiyo. Zikilingana, moyo hutulia. Sharia imetufundisha kuandika deni na kulishuhudiza. Je, sauti ya mwalimu aliyekufa si deni juu yetu?

Mwenye kutumia programu iliyokuja na kompyuta yake, asiiache kama alivyoikuta. Afungue mahali pa mipangilio kwanza, atazame aina ya faili na kiasi cha kilobiti, ndipo abonyeze.

Shauri letu ni hili. Nakala ya asili iwe FLAC, nayo isiguswe. Kutoka katika hiyo, toeni MP3 za kutia katika simu: 192 au zaidi kwa kisomo na kaswida, na kwa darsa ya mtu mmoja anayesema, 96 kwa upande mmoja yatosha. Gharama si kubwa: memori kadi ya gigabaiti 32 huweza kubeba CD 60 na zaidi zilizo katika FLAC.

Kabla ya kuanza, tazameni CD ni ya namna gani. CD ya sauti haizidi dakika 80 hivi. Ikiwa moja ina kaswida 100, basi hiyo ina mafaili ya MP3 tayari; nakilini mafaili hayo kama yalivyo, msiyaminye mara ya pili. Futeni vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Ulindeni khasa upande wenye maandishi, maana utando unaobeba sauti uko chini yake kidogo tu. Mkimaliza, sikilizeni faili lote, siyo mwanzo tu. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili. Na CD zenyewe zitunzeni kivulini. Ndege wa mtamani wana njia nyingine za kufukuzwa.

Tena, kuhifadhi si kufanyia biashara. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msomaji na mtunzi, na dini yetu yatukataza kula jasho la mwenzetu. CD uliyoinunua ihifadhi kwa nyumba yako. Usiitolee nakala za kuuza.

Ndugu zetu, mwaka 1961 Misri ilipotoa msahafu mzima uliosomwa kwa tartili na Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, lengo lilikuwa kuuhifadhi usomaji sahihi kwa ajili ya watakaokuja. Nia hiyo hiyo yaweza kuwa katika chumba kidogo cha Ikoma, kwa kompyuta moja na subira. Nasi tuliokosa subira siku ile twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, amrehemu mwalimu yule, na awape vijana wetu mikono mikamilifu kuliko yetu. Amin.