Msikunje Mkeka, Bado Tupo Barabarani

Katika marathoni za hapa Dodoma washereheshaji hawachoki kumtaja John Stephen Akhwari. Muziki ukipunguzwa, sisi tukinyoosha misuli kwenye baridi ya Julai, tunasimuliwa tena jinsi Mtanzania yule wa Mbulu alivyogongana na wenzake kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, akaanguka, goti likateguka, akafungwa bandeji na kusonga mpaka mwisho. Tunapiga makofi. Kisha tunaachiwa tukimbie, na sisi wa nyuma tunaporudi mchana tunakuta kipaza sauti kile kile kimeshapakiwa kwenye kirikuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Nkuhungu, hamsini nimeshaivuka, na ni mkimbiaji wa nyuma. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Kilomita 42 nazimaliza kwa saa tano na nusu siku ikiwa nzuri, na zinakaribia sita upepo ukiamua vingine. Na Dodoma upepo huamua mara nyingi. Naamka alfajiri, nakimbia kwenye vipande vya barabara ya mzunguko vilivyokamilika, narudi kuoga, nakunywa uji wa uwele, nakwenda kufundisha. Sidai zawadi, wala sidai kupigwa picha na mheshimiwa. Ninachodai ni kwamba nikilipa ada ya kilomita 42, niuziwe kilomita 42 zote, na za mwisho ziwemo.

Maana hizo za mwisho ndizo zinazokatwa kimya kimya. Mbio ninazozikumbuka zaidi sitazitaja jina, kwa kuwa walioandaa si wao peke yao wenye tabia hiyo. Tangazo lilisema tunaanza saa 12 kamili asubuhi. Saa 12 ilitukuta tumejipanga, watu wa Dar waliofika na treni ya SGR wakiwa na fulana zao za vikundi, wanacheka na kujipima mapafu. (Hawa ndugu zetu wa pwani hudhani Dodoma ni tambarare tu. Wanasahau kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa hapa ni kavu hadi midomo inapasuka. Kufika kilomita ya nane huwa wameacha kucheka.) Saa 12 ikapita. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Tukaimbishwa, tukarukishwa, tukapoa tena. Tuliachiwa saa moja kasoro dakika ishirini.

Dakika arobaini si nyingi kwa mtu anayekimbia kilomita tano na kwenda kunywa supu. Kwangu mimi ni dakika arobaini za ubaridi zilizohamishwa kutoka asubuhi na kuongezwa kwenye jua la saa sita. Tena hazikufidiwa kokote, kwa sababu muda wa kufungua barabara na kufunga vituo vya maji ulihesabiwa kuanzia saa iliyochapishwa kwenye tangazo. Mheshimiwa alichelewa kwa gharama ya watu wa nyuma.

Ndivyo saa ya mbio zetu inavyotembea: inafuata ratiba ya mgeni rasmi. Yeye hukimbia kilomita tano pamoja na viongozi na wafanyakazi wa mdhamini, wanamaliza, wanapumzika hemani. Washindi wa 42 huingia kwa saa mbili na robo au ishirini hivi, wanavalishwa medali, wanakabidhiwa hundi zile kubwa za mbao. Hotuba. Picha. Mgeni anaondoka. Akiondoka yeye, waandishi wanaondoka, trafiki wanapangiwa kazi nyingine, gari la wagonjwa linawasha taa na kujiondokea. Kwa macho ya waandaaji shughuli imekwisha. Wakati huo mimi niko barabara ya Dar es Salaam, nje ya mji, narudi kutoka Ihumwa, na mbele yangu bado kuna kilomita kumi na ushee.

Hapo ndipo marathoni ya watu wa nyuma inapoanza. Barabara ile ni njia ya malori yanayotoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Koni zimeshaondolewa, kwa hiyo unashuka na kukimbia kwenye vumbi la pembeni. Lori likipita, upepo wake unakusukuma kuelekea kwenye magunia ya mkaa, kisha unakuachia mchanga mdomoni. Kituo cha maji kilichoandikwa kwenye ramani nilikikuta ni chupa tupu zilizokanyagwa. Meza hakuna. Kijana mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo, akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," nikamwitikia huku nahema. "Mama, wenzako wameshapewa zawadi wote. Panda nikusogeze, nitakufanyia bei ya kawaida." Nikamwambia nimelipa pesa yangu kuja kukimbia. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama hao walionilipisha wanajua kwamba bado niko huku.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba zote za asubuhi. Sikuwa na jibu.

Maji niliyapata kwa bibi mmoja aliyekuwa na genge la nyanya na vitunguu. Alinisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akanichotea kwenye ndoo yake kwa kikombe cha plastiki, maji yenye chumvi kama yalivyo maji mengi ya visima vya huku kwetu. Sijawahi kuona tatizo la chumvi ile tena. Mwili uliokuwa umetoka jasho saa nne ulikuwa unaililia. Nyuma yangu kulikuwa na mlinzi wa usiku aliyetoka lindo moja kwa moja kuja kukimbia, na dada mmoja mhasibu aliyebanwa na misuli ya paja akawa anakimbia hatua mia na kutembea hatua mia. Tukaambizana tusiachane, si kwa sababu ya kupeana moyo, bali ili gari likija kwa nyuma angalau limuone mmoja wetu.

Tulipofika pa kumalizia, vijana walikuwa wanakunja viti. Lile tao la kujazwa upepo lilikuwa limelala chini kama nguo chafu. Ule mkeka wa kusomea chipu, ambao ukiukanyaga saa yako inaandikwa, ulikuwa umeshakunjwa na kufungwa kamba. Binti mmoja wa kujitolea, mwenye huruma zake, alitafuta kwenye boksi akatupa medali za kilomita 21, maana za 42 zilikuwa zimekwenda na boksi jingine. Matokeo yalipotoka, sisi watatu tuliandikwa kwamba hatukumaliza.

Sasa turudi Mexico, kwa Akhwari anayepigiwa makofi kila mwaka. Mshindi siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa saa 2:20:26. Akhwari alimaliza kwa 3:25:27, giza likiwa limeingia na sehemu kubwa ya watazamaji wameshakwenda zao. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Tazameni hizo namba: zina sekunde ndani yake. Maana yake ni kwamba saa nzima na dakika tano baada ya mshindi, mtu fulani alikuwa bado amesimama kwenye mstari na saa yake mkononi, macho kwenye lango la uwanja, kalamu tayari. Jina la mtu huyo silijui na hakuna mshereheshaji anayemtaja. Lakini angeamua kwamba sherehe imekwisha akaenda kula chakula cha jioni, Akhwari angeandikwa hakumaliza, na sisi tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Ushujaa wa goti ni wa Akhwari. Mwenye saa alikuwa anatimiza wajibu wake tu, na wajibu huo ndio unaotushinda hapa Dodoma.

Nitaambiwa kwamba mbio zipo kwa ajili ya kuibua vipaji, si kwa ajili ya walimu wenye magoti mabovu. Vipaji naviheshimu. Ukanda huu wa kati hauna uhaba navyo: Alphonce Simbu ni mtu wa Singida, jirani zetu hapa, na Septemba 15, 2025 kule Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikwa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari ndiyo iamue. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Siku ile wanafunzi wangu walikimbia uwanja mzima wa shule wakijiita Simbu, hadi anayeongoza na anayeburura mkia wote ni Simbu. Bingwa hupatikana kutoka kwenye kundi kubwa la watu wanaokimbia bila kutarajia ubingwa, na watoto wanaona jinsi kundi hilo linavyotendewa.

Halafu wenye mbio kubwa hawajaona kwamba kutafuta mabingwa na kuwangoja wa nyuma ni mambo yanayopingana. Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu na fahari yetu, alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Mbio hizo hizo zina watu wanaoingia jioni taa zikiwa zimewashwa, na wanakuta watu wa kuwavalisha medali. Afrika Kusini wana Comrades, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Wao ni wakali: saa kumi na mbili zikitimia bunduki inalia, na aliyebakiza hatua moja hapati kitu. Ila mpaka bunduki ilie uwanja umejaa, watu wamesimama, wanawapigia kelele wale wa dakika za mwisho kuliko walivyompigia mshindi. Nataka hilo lieleweke: sipingi ukomo wa muda. Wekeni saa sita, wekeni hata tano na nusu, nami nitajua kama niingie 42 au nibaki 21. Tangazeni muda, halafu muulinde mpaka dakika yake ya mwisho, kuanzia mlio halisi wa kuanza, si kuanzia maandishi ya kwenye bango.

Kuna hoja ya hisani, na hii ni nzito. Mbio nyingi zinachangisha fedha kwa mambo ya maana. NBC Dodoma Marathon, ambazo si hizi ninazozilalamikia, zimechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwanamke yeyote wa rika langu ana ndugu au jirani aliyeondoka kwa ugonjwa huo. Nikiambiwa fulana na maji vipunguzwe ili fedha ziende huko, nitakubali bila kinyongo. Lakini mkeka uliokwisha kukodiwa kubaki chini saa moja zaidi haumnyimi mgonjwa kitu. Kinachokula fedha ni hema la wageni, viti vyenye vitambaa na ving'ora vya msafara.

Na watu wa nyuma ni akina nani? Wakimbiaji wa haraka wengi wanatoka Arusha, Manyara na ng'ambo ya mpaka Kenya. Wanashinda kwa haki, wanapanda basi jioni. Sisi wa nyuma ndio wakaaji wa hapa: mlinzi wa Chang'ombe, mhasibu wa ofisi ya serikali aliyehamishwa na ofisi yake na sasa anaizoea Dodoma kwa miguu, mama lishe wa Majengo aliyeambiwa na daktari apunguze sukari. Mji huu unatamani kuwa na marathoni yake yenye jina, na watu watakaoifanya iwe yake ndio hao wanaokuta viti vimekunjwa.

Gharama ya kurekebisha haitishi. Kilomita 42 zisipelekwe kwenye barabara ya malori. Mji wa Serikali pale Mtumba una barabara pana, na Jumapili asubuhi hazina watu. Njia ya kuzunguka mara kadhaa ingefanya meza nne za maji zitoshe mbio nzima, na hakuna ambaye angekuwa peke yake vichakani. Wa 42 waachiwe saa 11 alfajiri, mgeni rasmi akifika atawakuta wanaelekea nusu, na yeye aachie hizo kilomita tano zake kwa mbwembwe zote. Pawepo bodaboda mmoja mwenye kibendera anayemfuata mkimbiaji wa mwisho hatua kwa hatua, mwenye simu na maji, na asiruhusiwe kurudi kabla yake. Vijana wa kazi hiyo tunao. Yule wa Ihumwa ningempendekeza kesho.

Usajili wa msimu ujao ukifunguliwa nitakwenda na hela mkononi, na kabla sijaitoa nitauliza mkeka unakunjwa saa ngapi. Nikitajiwa saa, nalipa 42. Nikijibiwa "mama wewe usijali," nitakwenda zangu barabara ya mzunguko, ambako angalau hakuna anayenilipisha kwa kuniacha njiani.