Mwezi na Jembe

Huku Kihesa mvua za kwanza zikishika, yaani mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba, nyumba nyingine huingia ubishi. Baba ataka kupanda mahindi kesho alfajiri. Mama yake mzazi asema: "Ngojeni, wanangu, mwezi unakufa. Mbegu ya sasa haitakuwa na nguvu." Je, nani asikilizwe?

Wazee wetu si wajinga. Kabla ya kalenda kutundikwa ukutani, mwezi ndio uliokuwa hesabu ya mkulima. Na Kanisa hata leo lauhesabu: Pasaka ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi.

Lakini kuhesabu siku ni jambo moja, kuotesha mbegu ni jingine. Mbegu huota kwa unyevu, joto na hewa. Nuru ya mwezi mpevu ni hafifu mno. Ya jua huizidi kama mara 400,000. Tena miezi 12 ya kuandama ni siku 354 tu, pungufu siku 11 kwa mwaka. Afuataye mwandamo uleule kila mwaka, baada ya miaka 3 amekwisha kupotea zaidi ya mwezi mzima, wala mvua haimngojei. Mahindi yaliyochelewa wiki mbili, mvua ikikatika mapema, hubakiza magunzi, na watoto ndio watakaolala na njaa.

Basi mwezi utumike kwa kazi yake. Katika kinyungu chako bondeni, sia kabichi mwezi ukiandama. Ukiandama tena, miche yakaribia kuhamishwa. Maharage mengi hutaka kama miezi 3. Ndivyo bibi alivyohesabu, na hesabu hiyo ni njema.

Wengine huvuna mwezi ukififia, wakisema fukusi hawataingia ghalani. Fukusi hajali mwezi. Hupenda nafaka yenye unyevu na ghala chafu. Fagia ghala, choma mabaki ya zamani, kisha pima hivi: tia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, anika tena. Isipogandama, weka ghalani.

Nawe kijana, usimcheke mama yako. Panda shamba lako udongo ulipolowa, na ubishi wenu umalizeni kinyunguni, ambako maji yapo hata kiangazi. Mpe mistari mitano apande mwezi ukikua. Wewe panda mitano mwezi ukififia. Mbegu iwe moja, samadi moja, maji sawasawa. Siku ya kuvuna pimeni kila fungu kwa debe lilelile, mama akiwapo. Fanyeni hivyo misimu mitatu, maana msimu mmoja waweza kudanganya. Debe halina upendeleo, na nyumba itabaki na amani.