Kabla ya Kukata Kope, Uliza Kama Jicho Linaona

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina hii: "Dada, jicho langu moja ni dogo kuliko lingine. Nimesikia Nairobi wanarekebisha. Ni pesa ngapi?" Wengi ni wasichana wa miaka kumi na saba, kumi na nane. Maboyi pia wapo, ni vile tu wao huandika usiku na kufuta asubuhi. Wananiuliza mimi kwa sababu kope langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na mtu yeyote anayetazama video zangu ameliona. Kuna hadi wakala mmoja aliyenitumia bei ya "kufungua macho" bila mimi kumuuliza chochote.

Basi wacha nijibu hapa mara moja. Nikisema kope simaanishi zile nywele, namaanisha ile ngozi inayofunika jicho.

Msimamo wangu ni huu: upasuaji wa kope si dhambi na si ushamba. Shida ni kwamba sisi huku tunautamani kwa watu wasiouhitaji na tunawanyima wanaouhitaji. Msichana mwenye tofauti ya milimita moja anaanza kuweka akiba ya kwenda Nairobi. Mtoto ambaye kope limefunika mboni ya jicho anaambiwa "ndivyo alivyoumbwa, muacheni." Wote wawili wanakosewa kwa sababu moja. Tunaangalia sura, hatuulizi kama jicho linaona.

Nianze na sisi wa selfi. Hakuna uso duniani ambao pande zake mbili zinalingana kabisa. Wa kwako, wangu, wa yule model unayemfuata, zote zina upande wa juu na upande wa chini. Kilichobadilika ni simu. Ukiishika karibu na uso, kitu chochote kilicho karibu na lenzi kinakuwa kikubwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakapata kwamba pua kwenye selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko kwenye picha ya umbali wa mita moja na nusu. Sasa kama pua inadanganywa hivyo, fikiria jicho moja likiwa karibu na lenzi kuliko lingine kwa sababu umeinamisha kichwa kidogo.

Halafu kuna ile filta ya kugeuza picha. Maisha yako yote umejiona kwenye kioo, yaani umejizoea ukiwa umegeuzwa kushoto kulia. Filta inakuonyesha venye watu wengine wanakuona, na ubongo ambao haujazoea unapiga kelele: nimepinda! Hujapinda, walaal. Watu wanaokujua wamekuona hivyo tangu uzaliwe na hakuna aliyekimbia.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, fanya hivi. Mwambie rafiki asimame mita mbili, atumie kamera ya nyuma, mwanga uwe mbele yako, kichwa kimenyooka. Halafu tafuta picha zako za zamani, ile ya darasa la nane, ile ya kitambulisho. Linganisha. Kama tofauti ni ileile miaka yote, ni ndogo, na macho yote mawili yanaona sawa, huo ni uso wako tu. Kama tofauti ni mpya, endelea kusoma vizuri, kwa sababu hapo tumetoka kwa urembo tumeingia kwa afya.

Kope likishuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo si kazi ya daktari wa urembo. Kama kuna maumivu makali ya kichwa, unaona vitu viwili viwili, mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, au upande wa uso umelegea, ni hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa neva au mshipa wa damu kichwani. Kope ambalo asubuhi liko sawa na jioni linaanguka linaweza kuwa ugonjwa wa misuli ambao unatibiwa kwa dawa. Na kuna hii ambayo wengi hatuijui: wakati mwingine jicho "dogo" ndilo zima, na lile "kubwa" ndilo gonjwa. Ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kuvuta kope juu na kusukuma jicho mbele. Hebu fikiria unalipa mtu akate kope la jicho zima huku ugonjwa uko upande wa pili.

Sasa wale wanaosema hii story yote ni kiherehere cha TikTok, waambie wasome historia kidogo. Upasuaji wa kwanza wa kutengeneza mkunjo wa kope ulioandikwa na daktari ulikuwa Japani mwaka 1896, na daktari alikuwa Mikamo. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke ambaye kope moja lilikuwa na mkunjo na lingine halikuwa nao. Yaani mtu wa kwanza alikuwa kama wewe unayeniandikia, alitaka macho yafanane. Miaka zaidi ya mia moja na ishirini imepita. Kutaka macho yafanane si kitu kipya na sitamcheka mtu kwa hilo.

Lakini ukae ukijua unachoomba. Kuna kazi mbili tofauti hapa na watu wa matangazo wanazichanganya makusudi. Moja ni kupunguza ngozi au kutengeneza mkunjo. Ya pili ni kurekebisha msuli unaoinua kope, pale ambapo msuli wenyewe ni dhaifu. Ya pili ni kazi nzito. Daktari anaufupisha ule msuli au, kama ni dhaifu sana, anafunga kope na msuli wa paji la uso ili uliinue kwa nyusi. Hata mikono mizuri haiahidi macho mapacha. Kuna wanaorudi mara ya pili. Na kuna jambo moja linashangaza: ubongo hutuma amri moja kwa makope yote mawili, kwa hivyo ukiinua lililoshuka, lile lililokuwa sawa linaweza kushuka kidogo. Ulikuwa unakimbiza jicho la kushoto, sasa unakimbiza la kulia.

Halafu kuna jambo la kwetu hasa. Baada ya kope kuinuliwa, jicho linaweza kukosa kufunga vizuri, hata usingizini, kwa muda au kwa kudumu. Daktari anakupa matone na mafuta ya kulainisha, anakwambia ujiepushe na upepo na vumbi. Vumbi! Jina lenyewe la mji wetu ni habaas weyn, vumbi kubwa. Mtu wa Kilimani anaweza kupona ndani ya nyumba yenye madirisha ya vioo. Wewe unarudi Habaswein mwezi wa pili, upepo unatoka upande wa Lorian, jicho halifungi. Mtu akikuuzia upasuaji bila kukuuliza unaishi wapi na unalala wapi, hajakufikiria wewe, amefikiria pesa yako.

Na usalama pia. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo Nairobi, na baraza la madaktari, KMPDC, likafunga kituo. Haikuwa kope, lakini funzo ni lilelile. Jina la kila daktari aliyesajiliwa linapatikana kwenye tovuti ya KMPDC. Litafute. Kwa kope, muulize kama yeye ni daktari wa macho au wa upasuaji wa kurekebisha mwili, na makope mangapi amefanya. Akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu lako.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaniuma.

Nina binamu wa miaka minne. Alizaliwa na kope la kulia limeshuka, limefunika karibu nusu ya mboni. Ukimuita anainua kidevu juu ili akuone. Watu wanacheka, wanasema mtoto ana maringo, anatembea kama mzee wa baraza. Hana maringo. Anatafuta pa kuonea. Watoto wenzake wameshampa jina la utani la jicho lake.

Mnajua Wasomali hatufichi mwili wa mtu. Siad Barre mwenyewe aliitwa Afweyne, mdomo mkubwa. Imamu Ahmad wa karne ya 16 anajulikana mpaka leo kama Gurey, wa mkono wa kushoto. Kuna mwanasiasa wa Somalia aliyejulikana zaidi kwa jina la Indhacadde, macho meupe, kuliko jina alilopewa na wazazi. Naanays inaweza kuwa mapenzi. Inamwambia mtu: tumekuona ulivyo na wewe ni wetu. Mimi sina vita nayo. Vita vyangu ni pale jina linapogeuka kuwa matibabu. Tukishamuita mtoto kwa jina la jicho lake tunaona tumemaliza, tumekubali, hakuna la kufanya.

Na la kufanya lipo, lakini lina saa yake. Mtoto anajifunza kuona miaka ile ya mwanzo, mpaka saba au nane hivi. Kama jicho limefunikwa wakati huo, ubongo unaacha kulitumia. Unaweza kuinua kope akiwa na miaka ishirini, likawa zuri kwa picha, na jicho lisione vizuri kamwe. Kwa huyu mtoto, upasuaji ambao tunauita urembo ndio unaoweza kulinda jicho lake. Na wakati mwingine hata upasuaji hauhitajiki mara moja, anahitaji miwani au kufunikwa lile jicho zima ili hili lifanye kazi. Lakini hakuna mtu wa kusema hayo mpaka apimwe.

Abti wangu ni mtu mzuri, na jibu lake ni la watu wengi: hatubadilishi alichoumba Allah. Mimi si sheikh na sitajifanya. Ila kila duksi tunajua habari ya sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikaoza, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamruhusu aweke ya dhahabu. Wanazuoni wanaitumia habari hiyo kutofautisha kurekebisha kasoro na kujibadilisha kwa urembo tu. Kope linalozuia kuona liko upande gani? Abti akaniambia tuongee baada ya mvua. Nimemwambia kwa heshima kwamba jicho halingoji mvua, na nitaendelea kumwambia.

Mtu asiniambie upasuaji wa kope ni mambo ya Wazungu na matajiri. Turkana, Samburu, Narok na Kajiado watu wa kawaida kabisa wamefanyiwa kope miaka mingi kwa sababu ya trakoma. Ule ugonjwa ukirudi mara kwa mara kope linajikunja kwa ndani, nywele zinakwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Operesheni ndogo ya kugeuza kope inaokoa jicho, na hufanywa hadi na wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo, sio lazima profesa wa Nairobi. Hakuna anayemuuliza mama wa Turkana kama anatafuta mume. Watu wanaelewa kwamba anataka kuona njia.

Kuna mwigizaji Mmarekani, Forest Whitaker. Kope lake la kushoto limeshuka na dunia nzima inajua. Alienda Uganda kuigiza kama Idi Amin kwenye filamu iliyotoka 2006, na mwaka uliofuata akapata Oscar. Simtaji ili nikuambie "jipende tu," maneno hayo ni rahisi kwa mtu ambaye hachekwi shuleni. Namtaja kwa sababu ameonyesha kwamba kope lililoshuka na kazi ya mbele ya kamera vinaweza kukaa pamoja. Kama jicho lako linaona, una nafasi ya kuamua taratibu. Hakuna anayekukimbiza isipokuwa wakala.

Mimi nilipimwa. Jicho langu linaona, msuli uko sawa, tofauti ni ndogo. Kwa hivyo nimeamua kuliacha, na wanja nampaka zaidi upande ule ninaotaka. Nikibadilisha mawazo nikiwa na miaka thelathini, ni shauri langu. Wewe ukipimwa, ukaelewa hatari, ukapata daktari halali na bado ukataka, pia ni shauri lako, na hapa kwangu hutasikia matusi.

Lakini ukimaliza kusoma hii, angalia watoto wa nyumbani kwenu. Kuna anayeinua kidevu ili akuone? Kuna ambaye jicho moja halifunguki vizuri kwenye picha zote? Huyo ndiye wa kwenda kwanza. Anza hospitali ya Habaswein, omba rufaa kwa mtu wa macho Wajir au Garissa, na wao watakwambia kama ni lazima Nairobi. Nauli yenu ya urembo itangoja. Yake haiwezi.