Daftari la wiki: Mwanza–Bukoba kwa rula

Jumatatu nimeazima atlasi ya shule ya mwanangu pamoja na rula yake iliyovunjika ncha. Uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 174. Kilichonifurahisha zaidi ni pembe. Bukoba iko kaskazini yetu kwa nyuzi 1 na dakika kama 7, na magharibi yetu kwa kiasi kilekile. Rubani akigawa kaskazini na magharibi katikati kabisa, anafika. Mwalimu wangu wa jiografia angefurahi, kisha angenichapa kwa kuchelewa kuelewa miaka thelathini.

*

Sasa piga hesabu ya muda. Bombadia ikishashika mwendo hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa, kwa hiyo Bukoba ingekuwa dakika 17. Haiwi. Ndege haijamaliza kupanda, tayari inaanza kushuka. Mwendo wake kamili hauuoni. Nusu saa na ushee ndiyo hesabu ya kweli. Safari nyingine mimi hutumia muda mrefu zaidi kutoka Igoma hadi uwanjani, nimebanwa kwenye daladala na begi mapajani.

*

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, maana ziwa halikatwi, linazungukwa: Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Zamani ukimpigia msafiri simu na kumuuliza kafika wapi, jibu lilikuwa "nipo Kigongo," na saa mbili baadaye bado yupo Kigongo, anakula mahindi ya kuchoma akisubiri kivuko. Tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za maji zimekuwa dakika chache. Wauza mahindi sijui wamehamia wapi. Nawakumbuka kuliko foleni.

*

Njia hii ina tarehe mbili ambazo huku hatuzitaji kwa sauti kubwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa mamia, na waliokuwa bandarini kupokea ndugu zao walirudi nyumbani mikono mitupu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Walikufa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao na makasia. Kote kuwili, watu walishafika kwa hesabu ya rula. Tangu hapo nikiwa angani sitazami saa. Natazama maji mpaka magurudumu yaguse lami.

*

Ijumaa mama mkwe amepiga simu kutoka Bukoba. Salamu zilichukua muda wake, za watoto, za kazi, za mvua, ndipo akauliza:

"Mwanangu, mnakuja kwa ndege au kwa meli?"

Mkwe mgeni angedhani anaulizia usalama, au uwezo wa mfuko wangu. Mimi nimeshazoea. Meli huondoka usiku, hupita Kemondo, alfajiri mpo Bukoba. Na ikirudi hubeba chochote.

"Kwa meli, mama."

"Haya. Basi natuma mtu akaangalie mikungu iliyokomaa."