Maumivu ya Baridi Yabisi: Afyuni Iwe na Mpaka

Mgonjwa wa baridi yabisi huamka vidole vimekakamaa, na huenda ikapita saa nzima kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati. Naye anataka kupika, kufua na kuwahi kazini kama mwingine yeyote. Kama dawa ya jamii ya afyuni, iwe tramadoli, kodeini au mofini, itamwezesha, kwa nini anyimwe?

Jibu langu linaanzia kwenye ugonjwa wenyewe. Baridi yabisi haisababishwi na uzee wala na baridi ya Julai. Kinga ya mwili huugeukia mwili na kushambulia utando laini wa ndani ya maungio. Utando huvimba, gegedu huliwa, na mfupa hufuata. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wengi wao wakiwa bado kwenye umri wa kazi. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza maumivu yanavyosikika kwenye uti wa mgongo na ubongo, lakini uharibifu haziuzuii. Mgonjwa anaweza kujihisi nafuu huku vidole vikizidi kupinda.

Dawa ya kuzuia uharibifu huo ipo. Methotreksati iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Humezwa mara moja kwa wiki, na kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Huambatana na foliki asidi, na damu na ini hupimwa mara kwa mara. Faida yake huwa kubwa zaidi ikianzwa mapema, miezi michache tangu dalili zijitokeze. Kwa hiyo kila mwezi ambao mgonjwa anatulizwa tu, bila kutibiwa, ni mwezi aliopotezewa.

Marekani imelipa gharama kubwa kwa kuisahau tofauti kati ya kutuliza na kutibu. OxyContin, dawa ya jamii ya afyuni, iliingia sokoni mwaka 1996, ikapigiwa debe hata kwa maumivu ya kudumu yasiyo ya saratani. Miaka ikapita, uraibu na vifo vikatanda. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa mwongozo wa tahadhari, na baadhi ya madaktari wakaufanya panga: watu waliotumia dawa hizo kwa miaka walikatiwa ghafla. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ililazimika kuonya kwamba kukatiwa hivyo huleta mateso makali, hata mawazo ya kujiua. CDC iliurekebisha mwongozo wake mwaka 2022. Kugawa ovyo na kunyima ovyo yote ni makosa, na katika yote mawili mgonjwa hakusikilizwa.

Ushahidi nao hauipi afyuni kiti cha mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na goti kwa miezi 12. Waliotumia afyuni hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri kuliko waliotumia dawa nyingine. Hao hawakuwa wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa baridi yabisi yenyewe, mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 yalikuta dalili za nafuu kwa muda usiozidi wiki 6 tu, tena pamoja na madhara mengi: kichefuchefu, kizunguzungu, kufunga choo. Kizunguzungu si jambo dogo kwa mtu ambaye mifupa yake huenda imeshadhoofishwa na dawa za steroidi. Kidonge alichomeza ili atembee kinaweza kumwangusha.

Wala tiba si vidonge tu: kutembea, kuogelea na mazoezi ya kuimarisha misuli ni sehemu yake. Hofu kwamba yanayasaga maungio haina msingi. Nikiyajumlisha haya yote, naikubali afyuni kwa sharti: dozi ndogo, muda unaojulikana, dawa ya kuzuia ugonjwa ikiwa tayari inatumika, na kipimo kiwe kazi ambazo mgonjwa anaweza kuzifanya. Asipoonyesha maendeleo, dawa ipunguzwe taratibu.

Mpaka huu usigeuzwe marufuku barani kwetu, ambako wagonjwa wengi wa saratani hufa bila mofini. Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini tangu mwaka 2004, na ilifanya vyema.

Nawe msomaji, kama vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, usiishie kununua dawa ya kutuliza dukani. Nenda hospitali, uombe kupimwa baridi yabisi.