Masafa ni Mali ya Umma
Masafa ya mawasiliano ni mali ya umma kama ilivyo ardhi, na kuyagawa kwa kujuana ni kuwaibia wananchi. Mwaka 2008 India ilitoa leseni za simu kwa utaratibu wa anayewahi ndiye anayepata, tena kwa bei ya mwaka 2001, ilhali wateja walikuwa wameongezeka mno. Februari 2012 Mahakama ya Juu ikazifuta leseni 122 na kuagiza masafa yagawiwe kwa mnada. Naunga mkono mnada kwa moyo wote. Lakini bei kubwa pekee hainiridhishi: mwaka 2000 Uingereza ilivuna zaidi ya pauni bilioni 22 kwa leseni tano, na kampuni zikaelemewa na madeni. Washindi wabanwe, kwa maandishi, kufikisha minara vijijini. Atakayeshindwa anyang'anywe masafa.